Sanduku Jeupe la Kompyuta ya Mama

"Huyu? Ataivunja masini ya mama yake mbele ya kufika ku barabara!"

Ndivyo alivyonisema Tonto Deo, jirani yetu wa mtaa wa Ngagara tuliyemwita tonto, yaani mjomba, na kila asubuhi ninapofungua karakana yangu nikakutana na harufu ya mbao zilizorandwa, naisikia tena sauti yake. Naam, karakana ni yangu. Na diploma ya ufundi niliyoihangaikia ukimbizini Tanzania, mpaka nikarudi nayo nyumbani, nimeitundika pale ambapo kila mteja ataiona. Lakini kazi yangu ya kwanza niliifanya nikiwa na miaka kumi na miwili, bila mwalimu.

Wakati huo nchi ilikuwa vitani, na Mama alikuwa na kibanda sokoni Jabe. Kwa kompyuta yake, ile masini, aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote kadi za kualika ndugu kwenye kumaliza matanga. Kadi hizo hazikukosa wateja. Kibandani hakikulala kitu salama, kwa hiyo kila jioni, kabla ya saa ya kutotoka nje, tuliibeba kompyuta hadi nyumbani: Mama na skrini, ile ya zamani yenye mgongo mzito, mimi na kasha lake la mitambo, nyaya shingoni. Siku moja ya mvua Mama aliteleza. Alianguka ameikumbatia skrini, akachubuka uso ili kioo kisipasuke. Kikipasuka, hatuli.

Nikaamua kuitengenezea nyumba ya safari, sanduku refu la kubebwa na watu wawili. Tonto Deo alikuwa na mbao alizoweka kwa ajili ya kitanda cha binti yake Nadine, ambaye hakuwa amefika miaka mitatu. Aliniazima huku akicheka.

"Beba, Injeniya! Utanirudishia kuni."

Bwana Salimu, muuza vitambaa wa Jabe, aliniazima mikanda ya kufungia marobota. Sponji nilikata kwenye godoro langu. Nikapigilia misumari, nikaweka vishikio mbele na nyuma, nikalipaka lote rangi nyeupe, maana ndiyo niliyoipata, na nilitaka lionekane kutoka mbali.

Likaonekana. Jioni ya kwanza, Mama mbele, mimi nyuma, wanaume walivua kofia. Wanawake waliziba midomo kwa viganja. Kwenye kizuizi, ambapo kila mfuko ulipekuliwa, askari alifanya ishara ya msalaba, akasogea kando.

"Pita, mama. Pole sana."

Mama alizidisha mwendo. Mimi nilitembea kifua mbele, nikiamini mji mzima unastaajabia ufundi wangu.

"Mama, umeona venye wanaliheshimu?"

"Nimeona. Tembea."

Jumapili Mama alizunguka kutafuta rangi ya kijani. Maduka yalikuwa yamefungwa. Tukaendelea na nyeupe, na kioo hakikupata hata mkwaruzo.

Kisha bomu likaanguka uani kwa Tonto Deo. Nadine alikuwa anacheza pale.

Asubuhi yake Tonto Deo alisimama mlangoni petu. Maseremala walikuwa wamekimbia mtaa. Alilitazama sanduku. Mama akaitoa kompyuta mwenyewe, akailaza mkekani. Nilipotaka kung'oa sponji, alinishika mkono.

"Apana. Acha alalie."

Tulipita tena kwenye kizuizi kile, Tonto Deo mbele, mimi nyuma. Wanaume walivua kofia vilevile. Askari alisema maneno yaleyale. Ndipo nilipoelewa walichokuwa wakikiona jioni zote zile, na kwa nini Mama alizidisha mwendo. Nilitazama chini hadi makaburini.

Tulimteremsha kwa ile mikanda. Tonto Deo alipapasa kifuniko, kona baada ya kona.

"Umefunga muzuri, Injeniya," akasema, na safari hii hakucheka.

Jioni niliikung'uta mikanda udongo, nikaikunja, nikampelekea Bwana Salimu. Aliipokea kwa mikono miwili. Mbao za Tonto Deo nilikuwa nimekwisha kuzirudisha, zote, bila hata moja kuvunjika.