Mama Alisema Kapumzika

Juzi nilipita Keko kutafuta kabati la nguo, nikakuta vijana wawili wamepaki kipanya chao mbele ya karakana, mlango wa nyuma wazi, fundi kalala kifudifudi ndani anapima urefu wa kitanda. Nikauliza, kitanda ndani ya gari cha nini? Wakacheka. "Sista, ndiyo mambo ya sasa haya. Tunazunguka nchi, tunalala humohumo." Nikawaambia hongereni, nikaondoka, na hilo kabati sikulitafuta tena. Mambo ya sasa! Sie tulifungiwa kitanda kwenye kipanya hao hata hawajazaliwa.

Baba mdogo alikuwa seremala palepale Keko, na kipanya chake kilikuwa cha kubebea makochi ya wateja. Likizo ile ya mwezi wa sita akang'oa viti vyote vya nyuma, akapigilia benchi huku na huku, juu yake mbao za kulaza magodoro. Mama akashona mapazia kwa kanga zilizochakaa. Tukapakia jiko la mchina, ndoo ya maji, sufuria, mkeka, na bibi akakaanga kuku na kupika mikate ya kumimina tangu jana yake. Gari zima linanuka vanishi na iliki. Mie nililala humo usiku mmoja kabla ya safari, gari limesimama uani, nikajiona tajiri.

Tulikuwa tunakwenda Kilwa. Dada yake bibi alikuwa mgonjwa huko, na ugonjwa wenyewe ulimnyima usingizi. Kila tukipiga simu, jibu ni lilelile, jana hakulala, leo pia hajalala. Bibi akasema, "Mie nataka nikamtie machoni dada yangu, basi." Lakini bibi huyo hakuwa mtu wa safari ya kununa. Akasema watoto hawa tangu wazaliwe hawajavuka Mbagala, kwa hiyo twende kwa matembezi, tulale Somanga ufukweni, waogelee, kesho yake ndiyo tuingie Kilwa. Akamwalika na jirani yetu, mama wa Kichaga aliyepanga nyumba ya pili, pamoja na binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Baba hakuja. Alikuwa zamu kiwandani Wazo na ruhusa alinyimwa.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Jamani, bibi alivyocheka siku ile! Alikaa mbele pembeni ya baba mdogo, kichwa nje ya dirisha, anasalimiana na watu asiowajua. Baba mdogo akikosea gia, bibi anampigia makofi. Anamtania jirani, "Nyie wa Moshi mmezoea baridi, leo nakupeleka ukaungue." Cheko lake lilikuwa la kifua kizima, mpaka gari la mbele linageuka kuangalia. Sie nyuma tunaruka na magodoro, tunamenya machungwa ya Mkuranga, juisi mpaka viwikoni.

Pale Kibiti tulisimama kuongeza mafuta, simu ya mama ikalia. Mtandao ulikuwa wa kukatika, mama akaziba sikio moja, akarudia kwa sauti alichosikia: "Amepumzika?"

Bibi akageuka kule mbele, uso umechanua. "Kapumzika? Alhamdulillahi! Maskini dada yangu, leo usingizi umemjia."

Mama alisimama na simu mkononi. Kisha akajibu, "Ndiyo, mama. Kapumzika."

Wewe unajua neno hilo likitoka nyumba ya mgonjwa lina maana gani. Bibi naye alilijua, kalitumia mwenyewe mara ngapi, lakini siku ile sikio lake lilitaka usingizi, likasikia usingizi. Mama akazunguka nyuma ya gari, akamnong'oneza baba mdogo, kisha jirani. Sie tulikuwa tumelala juu ya godoro, masikio yetu yapo juu ya vichwa vyao. Tukasikia kwamba kafariki asubuhi ile. Tukasikia kwamba wanazika baada ya alasiri, na tukikaza mwendo tutawahi, bibi atauona uso wa dada yake kabla hajatolewa nyumbani.

Utaniuliza, si wangemwambia? Ndugu yangu, na sheria ya bibi mwenyewe? Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kupeleka taarifa za msiba mtaani kwetu. Alikuwa anasema, "Mtu akalishwe kwanza. Mkeka, maji, na watu wa kumshika. Hasemeshwi njiani kama anauziwa karanga." Na presha alikuwa nayo. Mama akatugeukia sie watoto, macho mekundu, akaweka kidole mdomoni.

Tangu hapo tukawa mateka. Kila tulichofanya ili tuwahi kilituchelewesha.

Jirani wa watu hakuweza kuzuia machozi. Bibi akamwona kwenye kioo. "We, una nini?" Mama wa watu akashika shavu, "Jino, bibi, jino linanivuta." Kumbe kajiponza! Bibi akaamuru gari lisimame Ikwiriri, akashuka mwenyewe, akazunguka duka kwa duka kutafuta karafuu. Baba mdogo anapiga honi, bibi anamjibu kutoka ng'ambo, "Subiri bwana, mwenzio anaumwa!" Alirudi na karafuu zake, akamfungulia jirani mdomo na kumbandika mwenyewe kwenye jino zima ambalo halijawahi kuuma. Jirani akazidi kulia. Bibi akampigapiga mgongoni, "Pole mwanangu, inachoma lakini inaponya."

Baada ya daraja la Rufiji lami iliisha. Barabara ya enzi zile ilikuwa vumbi na mashimo, na baba mdogo anakimbiza gari mpaka sufuria zinagongana. Bibi akamkaripia, unatuua! Baba mdogo akajitetea kwamba gari linachemka, anataka kufika mapema amtafute fundi. Ndiyo akaharibu kabisa. Bibi akasema, "Gari likichemka si linapozwa? Lipoze hapo Somanga, na watoto waogelee kama mlivyowaahidi. Mtoto haahidiwi kitu akanyimwa."

"Mama, tutaogelea Kilwa," akasema baba mdogo.

"Hapana, hapa. Mie nimeshasema."

Tukasimama. Mtu mzima gani ataendelea kubisha, na aseme sababu ipi? Baba mdogo akafungua boneti, akabaki anaitazama injini nzima kama kweli ina ugonjwa. Mama akaenda kusali adhuhuri na akakawia kwenye sijda. Bibi akatandika mkeka, akagawa kuku, na hakuna aliyeweza kumeza.

"Bibi, sie hatutaki kuogelea," nikasema.

"Mnanionea haya mie? Ingieni!"

Tukaingia, mie na shoga yangu, maji mpaka magotini, tumeshikana mikono, tunalia. Bibi amesimama mchangani anapiga makofi, anatuimbia, anacheka cheko lake lile. Kwa mbali kilio hakijulikani na kicheko. Nilitaka nipige kelele, bibi, twende, anazikwa! Nikamwangalia mama, mama akatikisa kichwa. Miaka yangu tisa, nimebebeshwa siri ya watu wazima, na bahari yote ile niliyoililia kuiona sikuitaka tena.

Hatukulala Somanga, baba mdogo alishikilia fundi wa Kilwa mpaka bibi akakubali, na tulifika Kilwa jua limelala upande. Turubai tuliliona kabla ya nyumba. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, miguu ina mchanga. Baba mdogo akazima gari mbali kidogo, na hakuna aliyeshuka. Bibi alikuwa katikati ya kisa, anatueleza walivyokuwa wakiiba ukwaju na dada yake, akakatia hapohapo.

Walikuja wanawake wawili wa nyumba ile, wakamshika bibi, wakamwingiza ndani, wakamkalisha mkekani, wakampa maji, ndipo wakamwambia. Kila kitu kilifanywa kama alivyofundisha yeye. Bibi akanywa yale maji, akarudisha bilauri, akamtazama mama.

"Ulisema kapumzika."

"Ndiyo, mama."

"Mlijua toka wapi?"

"Kibiti."

Nilimwona anarudi na barabara yote kichwani, Ikwiriri na karafuu, daraja, vumbi, Somanga. Kisha akaufunika uso kwa mikono miwili. "Njia nzima nilikuwa nacheka," akasema. "Dada yangu anaoshwa, mie nacheka. Si mngeniambia walau ninyamaze?"

Hapo ndipo alipolia. Mama alianza kumwomba radhi, akashindwa kumaliza.

Siku hizi jambo kama lile haliwezekani. Mtu hajakata roho vizuri, kundi la familia kwenye simu limeshajaa pole na picha za mshumaa. Watu wananiambia afadhali ya sasa, wengine wananiambia afadhali ya zamani. Mama ni mzee sasa, nimemuuliza angefanyaje ikirudiwa, akaniambia, "Sijui, mwanangu. Kila siku najiuliza na sijui."

Bibi hakutulaumu tena, na aliishi nasi miaka mingi baada ya pale. Alipika, alitania, aliwakaribisha majirani. Lakini lile cheko la kifua kizima sikulisikia tena. Mtu akisema jambo la kuchekesha pale barazani, sie tunaangua kicheko, yeye anatuangalia kwanza usoni, mmoja baada ya mwingine. Anauliza, "Kwema lakini?" Tukimjibu kwema, bibi, ndipo anacheka, kidogo, huku bado anatutazama.