Midoli Niliyoivisha Kanga Nikiwa Edani

Kufikia siku ya arobaini ya eda nilikuwa nazijua nyufa zote za chumba kile cha kule Manundu, na nilizichukia moja moja. Mume wangu alikuwa amefariki. Nikakaa kwa mama yake, nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila kuvuka kizingiti. Marehemu nilimlilia kwa kweli. Chumba nilikivumilia tu.

Simu hawakuninyang'anya. Humo nilikuwa na programu ya kuchora midoli ya pikseli, vijisichana vinavyojengwa kwa miraba midogo ya rangi, mmoja baada ya mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuivisha kanga. Jaribu uone: mdoli mzima ana upana wa miraba thelathini na miwili, na kanga inataka pindo pande zote, mji, yaani uwanja wa katikati, na maandishi chini. Pindo peke yake lilikula kiwiliwili kizima. Ua la korosho nililichora mara tisa. Mara lafanana na ndizi, mara na sikio la mbuzi. Nikakasirika, nikafuta, nikaanza upya. Nyekundu, njano, buluu: rangi zote nilizokatazwa mwilini nilizimwaga kwenye simu. Wenzangu wa kundi la wachoraji wakanisifu kwa rangi. Sikuwaambia mimi mwenyewe nimevaa nini.

Kilichonibana zaidi hakikuwa mlango. Mama mkwe alishaanza kusema, kwa upole wake, kwamba eda ikiisha chumba ni changu, nisifikirie kurudi Kwamsisi kwa wazazi wangu, na shemeji yangu mdogo naye hajaoa. Aliyasema huku akinipakulia ugali na mlenda. Kila mara niliitikia ndiyo mama, na kila mara nikajidharau. Mtu aliyekulisha na kulia nawe, utamwambiaje kwamba unataka kwenda zako?

Asubuhi moja aliniletea uji, nikamwamkia, akaketi mkekani na kuomba aone ninachokikodolea macho kutwa. Nikampa simu. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akazitaja rangi za kanga sawasawa, kisha akauliza:

"Huyu kapendeza hivi, anakwenda wapi?"

Ningeweza kusema harusini. Mdomo ukanitangulia.

"Anarudi kwao, mama. Kwamsisi."

Aliendelea kuikodolea simu. Uji ukaota ngozi juu. Nikatamani nimpokonye simu nifute kila kitu.

"Umemkosea," akasema hatimaye, akigusa kiuno cha mdoli. "Umemvisha upande mmoja wa kanga, kama aliye jikoni. Mke wa mwanangu haondoki kwangu na upande mmoja. Mfunike kwa wa pili."

Akanirudishia simu. Nikauchora upande wa pili, na yeye akabaki pale pale mkekani, analia, ananionyesha pindo likae wapi.