Kisahani Kisicho na Kikombe

Mama alikuwa na kisahani kimoja cha kauri ya Kiingereza, cheupe chenye maua ya buluu, alichotunzwa siku ya harusi yake Tanga. Kikombe chake kilivunjika kabla sijazaliwa. Nilipokuwa naondoka kwenda Marekani alinipa picha ya kisahani hicho, akaniambia, "Ukikiona kikombe chake huko, nikumbuke." Kwake Wazungu wote walikuwa ukoo mmoja na kabati lao moja.

Nilicheka. Lakini ugenini mtu hushika chochote kisimwache aanguke. Jumamosi, nikitoka zamu hospitalini, nilikwenda Arlington kwenye duka la bibi mmoja Mmarekani aliyeuza vyombo vya kale. Yeye ndiye aliyenifundisha kauri: usiamini muhuri wa chini, maana muhuri hughushiwa, inua chombo kwenye taa uone mwanga unapenya kwa rangi gani, pitisha kidole ukingoni. Akanionya pia kwamba kauri ya zamani haipendi moto wa ghafla. Nilijifunza kwa bidii kama anayesomea mtihani wa uraia.

Mwishowe nilikipata kikombe katika mji wa Bowie, kwenye nyumba iliyokuwa ikiuza vitu vya marehemu. Maua yaleyale, buluu ileile. Nikampigia mama simu. "Kimepatikana. Nitakuletea mwenyewe." Kumpa msafiri sikuthubutu, mabegi yanavyotupwa uwanja wa ndege nayajua. Na mimi nilikuwa nangoja karatasi za ukaazi. Kutoka bila hizo ni kutorudi. Kikombe kikakaa kwenye kabati la vioo nyumbani kwangu Gaithersburg, salama salimini. Usalama ule naulaani hadi leo.

Mama akafa mimi bado nangoja.

Watu wakaja kwangu msibani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, viatu vikafurika mlangoni. Kwetu mfiwa haingii jikoni. Nikaketishwa mkekani sebuleni, wanawake wakashika nyumba. Vikombe vya karatasi vilipokwisha, mama mmoja wa Mombasa akafungua kabati.

"Vyombo vizuri hivi vyafichwa, na watu wana kiu?"

Nikafungua mdomo. Mfiwa atasemaje, mama yake hata hajazikwa, kwamba anahofia kikombe? Nikaufunga. Chai ya tangawizi ikamiminwa kikombeni ingali inachemka, nikasikia ta!

"Pole mwanangu," akasema, akifuta zulia kwa kanga yake. "Kimeondoka na shari."

Ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu. Wakanishika mabega, wakaniambia mama amepumzika. Hawakujua ninalia nini, na mimi mwenyewe sikuweza kutenganisha.

Baada ya arobaini kaka yangu alipiga simu kuuliza aniwekee nini katika vitu vya mama. Nikamwambia kisahani.

"Kile cha buluu? Kilikuwa kando ya kitanda chake. Hata vidonge vyake alitukataza kuviweka humo. Alisema kikombe chake kiko njiani."