Moyo wa Mama Aurelia na Dawa Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu wa wodi ya wanawake alinishika vidole, akaviweka kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. "Hesabu mapigo dakika nzima," alisema. "Ukihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, umemsikiliza nusu." Nilikuwa msichana wa Masama, nimeshuka Moshi mjini na viatu vya kuazima. Nilihesabu mpaka jasho likanitoka.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha kupimia moyo. Mashine ilikuwa moja tu. Tulimlaza mgonjwa, tukamfunga nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na kalamu ikachora mapigo kwenye karatasi ndefu. Karatasi ile ilikuwa adimu kama sabuni na sukari za miaka ile, kwa hiyo tulichora kidogo, mengine tukayatafuta kwa macho na masikio: mishipa ya shingo, pumzi, miguu iliyovimba.

Ndipo ikaja dawa nyekundu ya saratani ya titi, iliyoingizwa polepole mshipani. Ilisinyaza uvimbe kweli, lakini iliweza kudhoofisha msuli wa moyo, na hatari iliongezeka kwa kila dozi. Daktari Bingwa akaagiza kila mama apitie kwangu kupimwa moyo kabla ya kila dozi.

Mama Aurelia alikuwa mwalimu kutoka Mkuu, Rombo. Alikuwa amekatwa titi, kisha uvimbe ukarudi kwapani. Kwa dozi kadhaa ulipungua ukawa kama punje ya kahawa. Siku ya dozi iliyofuata mashine ilichora vizuri tu, ila mapigo yake yalikwenda mbio ingawa amelala. Nikamwekea kifaa cha kusikilizia. Moyo hutoa sauti mbili. Wake ulitoa na ya tatu, hafifu, kama kwato za punda anayekimbia.

"Mama, usiku unalalaje?"

"Nimekaa, mwanangu. Nikilala chali pumzi inakata." Akanishika mkono. "Usimwambie daktari. Atanikatiza dawa, na uvimbe umebaki kidogo tu."

Nilimhurumia sana. Hata hivyo nilikwenda.

"Karatasi inasemaje?" aliuliza Daktari Bingwa.

"Karatasi haina neno, daktari. Masikio yangu ndiyo yana neno."

Nilidhani atanifukuza. Aliinuka, akaja kusikiliza mwenyewe. "Tunasitisha," akasema.

Mama Aurelia alilia, akaninunia siku kadhaa. Alipewa dawa za kuusaidia moyo na za kupunguza maji mwilini, kisha vidonge vingine vya saratani. Juma lililofuata ndipo aliponisemesha: "Jana nimelala chali. Nilikuwa nimesahau dari lilivyo."

Alirudi darasani, akafundisha miaka mingi. Mwishowe saratani ndiyo iliyomchukua. Moyo wake ulidumu hadi siku ile.

Sasa nimestaafu, niko kwenye migomba yangu Masama. Namshukuru Muuguzi Mkuu aliyenifundisha kuhesabu, na zaidi yule daktari aliyekubali kuinuka kitini kwa neno la muuguzi. Wakubwa wengi hawainuki.

Mwaka niliostaafu, mwanamke mmoja aliyesikia nikiitwa muuguzi wa chumba cha moyo alinisimamisha sokoni Mkuu. "Shikamoo, mama. Mimi ni kitinda mimba wa Mwalimu Aurelia. Wewe ndiye uliyemchongea kwa daktari?"

Nilishtuka. "Marahaba. Ndiye mimi."

Akanikumbatia. "Alituachia maagizo. Yeyote atakayekuona kwanza, akushukuru."