Ishara ya Kofia

Zamani mjumbe wa baraza la mji akitaka kusema alisimama, akakohoa, akangoja afunguliwe sauti. Leo anabonyeza kitufe akiwa amekaa, mdomo umejaa karanga.

Aliyekuwa akizifungua sauti hizo ni Fundi. Alikaa katika kichumba cha mbao juu ya ukumbi, tundu lisilotosha hata kugeuza kiti, na kutoka huko aliona visogo tu. Macho yake yalikuwa shemeji yake, tarishi wa mlangoni, ambaye watu walimwita Kofia kwa sababu hata msibani hakuivua. Kofia akigusa sikio, mama wa safu ya mbele anataka kusema. Akishika kidevu, ni mzee wa dirishani. Akiishusha kofia hadi kwenye nyusi, maana yake funga haraka, huyu anataka kutukana. Miaka nenda miaka rudi tusi halikusikika katika jumba lile la kale, na wajumbe wakadhani ni adabu zao.

Kisha ikaja mitambo mipya. Spika za mbao ziling'olewa ukutani zikatupwa uani, mlangoni pa chumba cha kuishi alichopewa Kofia pamoja na kazi yake. Mkewe, dada wa Fundi, akawa anaanikia nguo juu yake.

"Sasa shemeji, mimi na wewe ni mapambo," alisema Kofia.

"Jisemee mwenyewe. Mimi nina ufunguo wa kichumba. Wewe una nini zaidi ya hiyo kofia?"

"Nina dada yako. Au huyo mlishamfuta?"

Walicheka, maana mkuu wa ofisi alikuwa ameahidi kuwaacha wote wawili kazini mpaka wastaafu, Kofia akibaki na chumba chake, mradi mitambo isiguswe.

"Mzee, hii inajiendesha," mkuu alimwambia Fundi. "Wewe iangalie tu."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa wageni. Mzee wa dirishani akabonyeza kitufe, akamgeukia mwenyekiti, shingo imemvimba. Pale mlangoni Kofia akaishusha kofia. Hakufikiri, na Fundi naye hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Alichokibonyeza kilizima mitambo yote. Mwenyekiti akabaki anachezesha midomo mbele ya wageni kama samaki, mpaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mkuu wa ofisi alipanda kichumbani akihema. "Nani kakwambia uguse?"

Fundi angeweza kusema lolote. Uzee, usingizi, mkono kuteleza. Lakini aliogopa, akasema kweli. "Kofia kaniashiria."

Fundi aliachwa aendelee kuangalia taa za mitambo zikiwaka na kuzimika. Kofia alitakiwa arudishe ufunguo wa chumba. Dada mtu alikuwa anafunga godoro kwa kamba Fundi alipofika uani.

"Kaka, ulishindwa hata kusema mkono umeteleza?"

Fundi akashika upande mmoja wa godoro, dada akamnyang'anya.

Mara ya mwisho kuwaona walikuwa nyuma ya pikapu ya kukodi, katikati ya masufuria na viti, wakienda kuishi kwa mtoto wao. Dada alikuwa amempa kisogo. Fundi aliusogelea mlango wa nyuma, akakohoa, akafungua kinywa aseme. Kofia akamtazama, akaishusha kofia hadi kwenye nyusi.