Bugali wa Umeme

Mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu alitoa hukumu yake akiwa ameketi mkekani, mbele ya nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku anakula bugali, ugali wetu wa Congo, uliopikwa kwa kuni. Alisema hana neno na msichana. Ana adabu, anaimba vizuri kanisani, anajua kusalimia. Shida ni kwamba anaishi Mbarara kwa dada yake, yaani kwangu, na kwangu tunapikia umeme.

"Bugali ya umeme inaivaka juu tu," alisema. "Ndani iko mubichi. Mwanangu atakula mubichi mpaka afe? Huyu mutoto aje kwangu miezi sita nimufundishe kupika, kisha tutaongea mambo ya ndoa."

Mdogo wangu anasomea ukunga na alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Chuo hakimtunzii mtu nafasi kwa sababu ya bugali. Nilimwona akimtazama mchumba wake, na mchumba akiutazama mkeka. Ndipo mama yangu, ambaye hakuwahi kugusa jiko la umeme maishani mwake, alipojibu kabla hata ya kumeza.

"Mukwe, uje Jumamosi Mbarara. Mutoto atapika mbele ya macho yako. Kama iko mubichi, umubebe siku ileile."

Alhamisi mama alishuka mtaani kwetu Nyamityobora, Mbarara, na mfuko wa unga wa muhogo, samaki wakavu na mwiko mrefu kama kasia. Alikuja kumwandaa binti yake. Alilizunguka jiko letu mara mbili. Ni jiko la sahani nne za chuma na oveni chini yake, tulilolinunua kwa mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke mumewe alipohamishwa kikosi. Mama aliinama kutafuta mahali pa kutolea majivu.

"Hakuna majivu, mama."

"Basi uchafu yake inaendaka fasi gani?"

Somo la kwanza lilienda vibaya kwa namna ambayo bado inanichekesha. Maji yaligoma kuchemka. Mama alisema sahani imechoka. Mimi nina tabia ya kuandika kila kitu, kwa hiyo nilichukua daftari na kuanza na yaliyo rahisi: taa ya chumba inawaka, taa nyekundu ya jiko inawaka, kitufe kiko kwenye sita. Kisha nikainama nikatazama sufuria kwa ubavu. Ilikuwa ile ya mama, iliyokaa miaka juu ya mafiga, na kitako chake kilikuwa kimebonyea hata ikasimama juu ya sahani kama kuku anayeatamia. Ilikuwa inagusa kwa nukta moja tu. Tulileta sufuria yenye kitako bapa, maji yakachemka mara moja.

La pili lilikuwa kosa la mazoea. Chai ilipoiva mama alichota maji kikombe kizima akayamwaga juu ya sahani, kama anavyozima makaa kila siku ya Mungu ili yamfae kesho. Mvuke ulipiga dari. Mdogo wangu alijificha nyuma ya pazia. Mama alibaki na kikombe mkononi, akasema kwa heshima kubwa, "Imekasirika."

Lakini hitilafu yenyewe ilikuja na bugali. Mimi na mdogo wangu, niseme ukweli, tulikuwa tumezoea kupika bugali laini wa kivivu, wa kukoroga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Mama aliuonja akautema.

"Hii ni dawa ya mugonjwa! Koroga kama umekasirika. Koroga kama ule mukwe anakutukana!"

Mdogo wangu alikoroga. Jasho lilimtoka. Mama alihesabu mizunguko kama mwalimu wa mazoezi, mimi nikapiga makofi, na tulipofika mahali unga unapokaza, sahani zote nne zikapoa. Taa nyekundu ikazimika. Taa ya chumba iliendelea kuwaka, kwa hiyo umeme haukukatika. Bugali ulibaki katikati, nje umeshikana na ndani mweupe wa unga, vilevile kama mama mkwe alivyosema.

Asubuhi ya Ijumaa jiko liliwaka lenyewe. Tukapika sombe, yaani majani ya muhogo, likawaka. Tukachemsha samaki, likawaka. Tukaweka bugali mara tatu, likafa mara zote tatu. Mama alianza kuliangalia jiko kwa jicho la kusali.

"Inachagua chakula," alinong'ona. "Haipendi bugali. Iko ya Bazungu."

Nilifungua daftari nikasoma nilichoandika. Liwakapo: chai, sombe, samaki, wali. Lizimikapo: bugali wa kukaza, mara nne kati ya nne. Na kila lilipofufuka, kulikuwa na mstari mmoja nilioupuuza: *nimefagia*. Ninapofagia, hulisukuma jiko lirudi ukutani. Nilishuka kwa magoti. Miguu ya jiko ilikuwa imechora mistari sakafuni, na jiko lilikuwa limesogea karibu hatua nzima kutoka mahali pake. Waya wake mnene ulikuwa umenyooka kama kamba ya mbuzi anayetaka kutoroka.

"Linatembea!" nilipiga kelele. "Mama, mnalitembeza!"

Nilimpigia mke wa yule askari.

"Wewe sikia," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Taa ya nyumba nawaka?"

"Inawaka."

"Ile nyekundu ya jiko?"

"Imezimika."

"Basi iko nyuma. Zima swichi kubwa. Si ya jiko, ya nyumba! Kisha fungua kifuniko ya nyuma, angalia waya gani nalegea. Na kama nashika kabla ya kuzima, usinipigie simu tena, maana utakuwa maiti." Kisha akauliza, "Nyinyi nafanya nini na jiko yangu?"

"Bugali."

"Ya Congo?"

"Ya Congo."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Nilizima swichi kubwa, nikajaribu taa zote kuhakikisha, nikafungua kifuniko. Waya mmoja ulikuwa umechomoka nusu kwenye skrubu yake. Jiko likiwa ukutani uligusa, likitembea uliachia. Niliukaza, nikafunga, tukawasha. Sahani nne zikapata moto, nasi watatu tukacheza kuzunguka meza ndogo hadi jirani akagonga ukuta.

Furaha hiyo ilikuwa na kasoro moja: skrubu haikuzuia jiko kutembea.

Jumamosi saa nne asubuhi simu ililia. Wageni wako Kaberebere, njiani kuja kwetu. Tuliweka matofali mbele ya miguu ya jiko, likayapanda. Wageni walipoingia, yaani mama mkwe na mwanawe, walitukuta hivi: mdogo wangu anakoroga, mama amelikumbatia jiko upande wa kushoto, mimi upande wa kulia, na jiko linatuburuta sote.

Mama mkwe alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Batu batatu kwa bugali moja?"

"Karibu, mukwe," mama alisema akihema, bila kuachia.

"Jiko yenu iko na miguu." Aliweka mkoba chini. "Toka, nione."

Alishika mwiko. Alikoroga mara tatu kwa nguvu zote za mama aliyelima maisha yake yote, na jiko likaondoka naye. Alilifuata hatua mbili, mwiko ungali ndani ya sufuria, akapiga ukelele wa furaha kama wa harusi. Mwanawe aliegemea ukuta akicheka mpaka machozi.

Hapo mdogo wangu alimwomba mwiko. Alikunja gunia akalitandaza sakafuni, akatua sufuria juu yake, akaketi chini kwenye kigoda, akakaza nyayo zake mbili zilizofungwa vitambaa dhidi ya masikio ya sufuria, kama bibi yetu alivyokuwa akikoroga kule Kivu. Akakoroga kwa mikono miwili. Hakuna kilichotembea. Sahani, ambayo haihitaji kuchochewa, ilibaki ya moto ikimngoja. Alirudisha sufuria, akafunika, akashusha kitufe hadi mbili, akaacha mvuke umalize kazi.

Mama mkwe hakungoja sahani za kulia. Aliumega bugali palepale, akaupasua katikati, akausogeza dirishani. Aliubonyeza. Akaunusa. Akautia mdomoni, akatafuna taratibu mno, makusudi kabisa.

"Imeiva," alisema. "Mpaka ndani."

Mama yangu alianza kupiga vigelegele. Mama mkwe alimgeukia mwanawe.

"Ataendelea na masomo yake. Wewe utangoja mwaka moja, na katika huo mwaka utafute jiko nzito."

Jumatatu mdogo wangu aliwahi chuoni na koti lake jeupe. Mikono ilimuuma hivi kwamba hakuweza kushika kalamu, ikabidi aombe daftari la mwenzake, na alirudi jioni akiwa bado anacheka.