Nyumba Iliyokuwa na Wenyewe

Katika nyumba ya kale ya mbao huko Japani, iliyokarabatiwa kwa ajili ya wageni kama mimi, niliamka mkekani nikanusa sakafu iliyopakwa nta. Harufu hiyo ikanirudisha Kampala, nikiwa msichana wa miaka saba.

Baba, askari, alikuwa amepewa nyumba ya Wahindi waliofukuzwa nchini, yenye ngazi na roshani ya mbao. Sisi watoto tulitaka kukimbilia juu. Mama akatuzuia mlangoni.

“Vueni viatu. Hii nyumba iko na wenyewe.”

“Wenyewe walienda,” baba alisema. “Sasa ni yetu.”

Mama alipiga magoti akasugua sakafu mpaka ikang’aa. Sari alizozikuta kabatini alizianika kivulini, akazikunja, akazirudisha palepale. Miaka yote hakuvaa hata moja.

Vita vilipofika mjini, baba alipakia vitu garini akapiga honi. Mama alikuwa bado anafagia.

“Unafagilia nani?” baba alifoka. “Mizinga husikii?”

“Wenyewe wakikuja, wakute ni safi.”

Baba akazima gari, akaingia, akambebea ndoo ya maji.